Je, harufu ya karafuu yaweza kuilinda akili ya nyanya hospitalini?

Ushawahi kumpeleka mzazi wako hospitalini akiwa na akili zake timamu, akafanyiwa upasuaji ukafaulu, kisha siku ya pili ukamkuta hakujui wewe ni nani? Kama hujawahi, mshukuru Mungu. Mimi yamenipata.

Nyanya yangu anaishi Uthiru, kule tunakopita tukielekea Kikuyu. Ana umri wa miaka 78, na hadi siku aliyoteleza uani wakati wa mvua alikuwa akijihesabia mwenyewe pesa za maziwa bila kukosea hata shilingi moja. Alivunjika mfupa wa nyonga. Tulimpeleka hospitalini, akapasuliwa, na daktari akatuambia kila kitu kimeenda sawa. Tulirudi nyumbani tukala tukashiba.

Asubuhi ya siku ya pili mimi na shangazi tulimkuta amening'inia ukingoni mwa kitanda, dripu ameing'oa, anauliza ni nani aliyewafungulia mbuzi wakaingia wadini. Mimi aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani sana. Shangazi aliambiwa ni mwizi, afukuzwe. Mchana alitulia, hata akaomba uji. Jua lilipotua, mbuzi walirudi.

Basi hapo ndipo jamaa walipoanza kugawanyika. Ami mmoja alisema huo ni uzee tu, tuukubali. Mwingine alidai ametumiwa kitu na jirani waliyegombania mpaka wa shamba. Mama mmoja wa kanisani alikuja kukemea mapepo mpaka wagonjwa wengine wakalalamika. Kati yetu sote, watu zaidi ya kumi, hakuna aliyeuliza miwani ya nyanya iko wapi. Ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Niliichukua siku ya upasuaji isije ikaibiwa, nikaichukua pamoja na leso yake na saa yake, nikaviweka salama. Kwa siku mbili ajuza yule alikuwa amelala mahali asipopajua, akiona vivuli vyeupe vikipita pita, bila kujua ni saa ngapi. Nami nilijiona mjukuu mwerevu.

Akili inapotangatanga

Hali hiyo si wazimu wala si mapepo. Ni kuweweseka kunakomjia mgonjwa ghafla baada ya upasuaji, hasa mzee, na madaktari kote ulimwenguni wanakujua. Dalili yake kubwa ni kwamba huja kwa saa au siku chache, tofauti na ugonjwa wa kusahau ambao hunyemelea kwa miaka. Hupanda na kushuka katika siku hiyo hiyo moja, na mara nyingi huzidi usiku. Mgonjwa hawezi kufuata mazungumzo. Unamwambia hili, yeye amekwisha kwenda kule.

Na usidhani kila anayeweweseka hupiga kelele. Wapo wanaonyamaza. Hulala kutwa, hawali, hawajibu, na jamaa wanaokuja kuwaona husema, "Afadhali leo amepumzika." Hao ndio hatari zaidi kwa sababu hakuna anayemwita daktari.

Kinachokuleta si kimoja. Mwili wa mzee unakuwa kama mtungi uliokwisha jaa. Tone moja tu linatosha kuumwaga. Maumivu, kukosa maji mwilini, kukosa usingizi, maambukizi ya mkojo au ya mapafu, mpira wa mkojo uliokaa siku nyingi, dawa nyingi kwa pamoja, macho yasiyoona vizuri na masikio yasiyosikia, vyote huongeza tone. Wenye kuvunjika nyonga huwa hatarini hasa, maana huja hospitalini ghafla, wakiwa na maumivu, bila matayarisho yoyote. Kwa nyanya yangu, daktari alipima mkojo akakuta maambukizi. Alipotibiwa alianza kurudi, na siku ya sita akaniuliza kwa nini sijanyoa ndevu.

Lakini hapa ndipo penye jambo linalonitia hofu mpaka leo. Kuweweseka huku hakuishii wadini kila mara. Wazee waliopatwa nako hukaa hospitalini muda mrefu zaidi, na baadhi yao akili hairudi ilipokuwa. Nyanya alirudi Uthiru akiwa nyanya, naam, lakini kwa miezi kadhaa aliacha sufuria motoni, na hesabu ya maziwa aliachia shangazi. Sasa daktari amesema ana mawe kwenye nyongo na mwezi ujao atapasuliwa tena. Ndiyo maana nimekuwa nikisoma mambo haya usiku, na ndiyo maana nikakutana na habari ya pua.

Mlango usio na bawabu

Tuanze na jinsi pua inavyofanya kazi. Unachokiona, unachokisikia na unachokigusa, vyote hupitia kwanza kituo fulani katikati ya ubongo, mfano wa bawabu anayekagua wageni kabla hawajaingia ofisini. Harufu haimngojei bawabu huyo. Kutoka juu ya pua, neva zake huingia karibu moja kwa moja katika sehemu za ubongo zinazoshughulikia kumbukumbu na hisia. Ndiyo sababu ukipita mahali wanapochoma mahindi unajikuta ghafla uko shule ya msingi, hata kabla hujajua umenusa nini. Wamarekani wawili, Richard Axel na Linda Buck, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2004 kwa kueleza vile vipokezi vya harufu vinavyofanya kazi.

Sasa, watafiti wamegundua kwamba pua inapozorota, mara nyingi akili nayo iko mashakani. Katika ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, na hata ule wa kutetemeka wa Parkinson, kupoteza uwezo wa kunusa huweza kutangulia dalili nyingine. Na mwaka wa 2015 wataalamu wa Johns Hopkins, huko Baltimore nchini Marekani, walichapisha utafiti juu ya wagonjwa wa upasuaji wa moyo: wale ambao pua zao zilikuwa dhaifu kabla ya kupasuliwa waliweweseka zaidi baadaye kuliko wenye pua nzima.

Bila shaka msomaji mwerevu ataniuliza swali: ikiwa pua dhaifu ni ishara ya akili iliyo hatarini, je, ukiifanyisha pua mazoezi, akili itapata nguvu? Swali hilo ndilo linalowashughulisha watafiti.

Mazoezi yenyewe si mageni. Mwaka wa 2009 Profesa Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, alichapisha matokeo ya jaribio lake kwa watu waliopoteza uwezo wa kunusa. Aliwapa harufu nne, wazinuse asubuhi na jioni kwa majuma 12. Waliofanya mazoezi walipata nafuu kuliko wasiofanya. Janga la Covid-19 lilipozuka mwaka wa 2020 na watu wengi wakapoteza harufu ya hata kitunguu, mazoezi hayo hayo ndiyo waliyoshauriwa wengi wao.

Mwaka wa 2018 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio jingine kwa watu waliovuka umri wa miaka 50. Kundi moja lilinusa mara mbili kwa siku kwa miezi mitano, jingine lilijaza fumbo la nambari liitwalo Sudoku. Walionusa walionyesha maendeleo katika kunusa na katika wepesi wa kupata maneno, na hata moyo wao ulikuwa mchangamfu zaidi. (Mhariri wa ukurasa wetu wa mafumbo naomba asisome aya hii.)

Halafu mwaka wa 2023 ukaja utafiti uliotajwa sana, kutoka Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine. Wazee 43 wa miaka 60 hadi 85, wote wenye akili timamu, walipewa vyombo vya kusambaza harufu chumbani. Kila usiku harufu moja tu, kwa saa mbili, wakiwa wamelala. Baada ya miezi sita, katika mtihani wa kukariri orodha ya maneno, waliopewa harufu halisi waliwapita wale waliopewa harufu hafifu kwa asilimia 226.

Ama kwa hakika nambari hiyo ilinishtua hata mimi. Lakini usirukwe na akili, msomaji. Haimaanishi kwamba wazee hao walikumbuka maneno mara mbili zaidi ya awali. Kundi moja lilipanda kidogo, jingine likateremka kidogo, na pengo kati yao ukiligeuza asilimia linaonekana kama mlima. Tena watu wenyewe walikuwa wachache, hawakuwa wagonjwa wa kupasuliwa, na gharama ililipwa na Procter & Gamble, kampuni inayouza vitu vya kunukia. Sisemi walidanganya. Nasema mchuuzi akiyasifu maembe yake, nunua moja kwanza.

Kwa hivyo, ukiniuliza kama imethibitishwa kuwa harufu humkinga mzee asiweweseke baada ya upasuaji, jibu langu ni hapana, bado. Kamba kutoka puani hadi kwenye kumbukumbu ipo, na nguvu zake zimeonekana kwa wazee walioko nyumbani. Wadini ndiko kunakojaribiwa sasa.

Kilichokwisha kuthibitishwa

Nakueleza haya kwa sababu naogopa usije ukakimbilia duka la manukato ukaacha miwani mkobani, kama nilivyofanya mimi.

Mwaka wa 1999 Dakta Sharon Inouye na wenzake walichapisha matokeo kutoka hospitali ya New Haven, Marekani. Walichunguza wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Hawakuwapa dawa mpya. Waliwakumbusha siku na mahali walipo, wakawatembeza mapema, wakawapunguzia kelele za usiku ili walale, wakawavalisha miwani, wakawasaidia kusikia na wakahakikisha wanakunywa maji. Basi. Walioweweseka wakapungua kutoka 15 katika kila 100 hadi karibu 10. Hao walikuwa wagonjwa wa wadi za kawaida, si wa kupasuliwa, lakini mtindo huo umetumiwa baadaye hata kwa waliopasuliwa. Mwongozo wa chama cha madaktari wa kutia usingizi barani Ulaya, uliotolewa mwaka wa 2017, nao umesisitiza mambo ya namna hiyo hiyo.

Tazama orodha hiyo tena. Je, kuna lolote hapo ambalo mjukuu wa Kawangware au binti wa Lavington hawezi kulifanya? Wauguzi wetu ni wachache na wagonjwa ni wengi, saa ya kuwaona wagonjwa isiwe ya kusimama tu miguuni pa kitanda na kuuliza, "Unaendeleaje?" Mvalishe miwani. Mwambie leo ni Jumapili. Mnyweshe maji, daktari akiruhusu. Mwulize muuguzi kama anaweza kuketi kitini.

Na jambo moja ambalo naomba ulishike sana: usimpe mzee Piriton kwa siri ili alale. Najua hufanywa, nimeona. Dawa za aina hiyo ni miongoni mwa zile ambazo wataalamu wa magonjwa ya wazee huonya kwamba humvuruga mzee akili.

Kutoka City Market hadi Kangemi

Baada ya kuyasema hayo, sioni ubaya wa kuijaribu pua, mradi tujue tunachofanya. Ilinipendeza kuona kwamba harufu nne za Profesa Hummel ni waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Msomaji wa Nairobi, kuna hata moja hapo inayohitaji kutoka ng'ambo?

Jumamosi iliyopita nilitoka kazini nikaingia City Market, pale Muindi Mbingu, wanapouza maua. Waridi zilizojaa ndoo hizo nyingi hazina harufu yoyote, nakuonya mapema. Waridi za biashara huchaguliwa kwa urefu wa shina na kwa kudumu siku nyingi chomboni, si kwa kunukia. Nilinusa ndoo baada ya ndoo mpaka mwuzaji akanitazama kwa jicho la shaka. Mwishowe alinitolea kifungu kidogo cha waridi za rangi ya nyama ya papai, zilizokuwa zimefunguka kupita kiasi na hakuna aliyezitaka. Hizo zilinukia.

Mkaratusi una historia katika mji huu. Bustani ya miti ya Arboretum, hapo karibu na Ikulu, ilianzishwa mwaka wa 1907 kuipima miti inayokua upesi, ili reli ipate kuni za gari moshi. Leo mikaratusi imejaa kila ua kuanzia Westlands mpaka Kikuyu. Usichume majani Arboretum, askari atakushika. Nilipanda matatu ya nambari 23 nikateremka Kangemi, na jirani ya rafiki yangu akanipa tawi zima bure, huku akishangaa. Sokoni pale pale nikanunua malimau. Karafuu nilizipata kwenye kibanda, pakiti ndogo ile ya kutia kwenye pilau.

Nyumbani nilitafuta vyupa vinne vya jamu, nikaviosha sana. Kimoja nikakitia ganda la limau lililokwaruzwa, kingine karafuu zilizopondwa kidogo, cha tatu majani ya mkaratusi yaliyofikichwa, cha nne waridi. Limau na waridi hubadilishwa kila baada ya siku mbili tatu kabla hazijaoza. Nyanya hunusa kila kimoja kama sekunde kumi, hupumzika kidogo, kisha kifuatacho. Asubuhi baada ya chai, jioni kabla ya kulala. Mimi au shangazi tunamwuliza kila mara: hii yakukumbusha nini? Swali hilo ni nyongeza yangu mwenyewe, kwa hiyo usiitafute katika vitabu vya Ujerumani.

Majumamawili sasa. Karafuu aliitambua siku ya kwanza, akaeleza harusi moja ya Mombasa aliyohudhuria kabla mama yangu hajazaliwa. Mkaratusi ulimkumbusha dawa ya kifua. Waridi hakunusa kitu, wala mpaka sasa hanusi. Jambo hilo limeniingia moyoni kuliko nilivyotarajia, na nimeamua kumweleza daktari wa usingizi pamoja na yaliyompata mara ya kwanza. Nawe ukiwa na mzee anayekwenda kupasuliwa, mwambie daktari kabla, si baada: kama amewahi kuweweseka, anasahau kiasi gani, anatumia dawa zipi, hata zile za mitishamba.

Kuna mambo ya kujihadhari nayo. Mwenye pumu asinuse mafuta makali bila kumwuliza daktari. Yale mafuta mazito ya vichupa vidogo vya dukani hayanywewi wala hayapakwi puani. Tone moja kwenye pamba, mbali kidogo, latosha. Mgonjwa aliyekatazwa kula na kunywa kabla ya upasuaji asipewe karafuu ya kutafuna eti ni dawa. Wadini uliza kwanza, maana hewa ile ni ya wote, na mgonjwa wa kitanda cha pili huenda harufu unayoipenda wewe inamtapisha. Na kwa hali yoyote ile usiwashe udi, ubani wala mshumaa wa kunukia mahali penye mgonjwa. Wadini kuna oksijeni, na oksijeni na moto havikai pamoja.

Mpango wetu wa mwezi ujao tumeuandika kwenye karatasi na kuubandika mlangoni mwa jokofu la shangazi. Miwani itakwenda naye hadi mlango wa chumba cha upasuaji na itamngojea akitoka, imeandikwa jina kwa plasta. Saa kubwa ya ukutani tumenunua, itategemezwa mahali anapoiona. Leso yake ile ya zamani haitafuliwa juma hilo, nyanya mwenyewe ameagiza hivyo. Zamu za usiku tumegawana, kama hospitali itaturuhusu, na ami aliyesema ni uzee tu amepewa usiku wa pili, ule wa mbuzi.

Kichupa cha karafuu kitaingia mfukoni mwangu. Vingine vitatu vitabaki Uthiru, kwani nyanya amesema hawezi kulazwa hospitalini na chupa za jamu kama mtu anayehama nyumba.